Kazi ya Idi

Siku ya kuniaga, Faustini na mafundi wenzake walinipa daftari kubwa la kurasa mia mbili, wakaniambia nijaze yote ninayoyajua kuhusu mashine za kufulia kabla sijayasahau. Mtu aliyekaa miaka ishirini na saba akiwa ameinama juu ya mota na mapipa ya maji hasahau upesi, mgongo humkumbusha. Lakini nimekubali. Humu mtakuta habari za mikanda, pampu na rezistansi, ile koili ya kupashia maji. Mtakuta pia habari ya Fundi Idi, aliyenifundisha kazi, kwa sababu jina lake nililichafua mimi kwa mdomo wangu, na nyinyi mtakaoingia atelye, karakana yetu, baada ya akina Faustini huenda msipate wa kuwaeleza.

Niliingia kazini Kigali ilipokuwa ndiyo kwanza imefanywa mji mkuu. Ukisimama juu ya kilima uliuona mji wote bila kugeuza shingo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Biryogo, na babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka upande wa Tabora, akauza shanga na vitambaa, akaoa, hakurudi tena. Nami nilitakiwa nishone. Nilijua kutengeneza cherehani kuliko kushonea, ndipo mteja mmoja wa baba, Mgiriki mwenye atelye ya vyombo vya umeme, akasema nipelekwe kwake. Sababu kubwa, nadhani, ni kwamba nilikuwa nasoma Kifaransa vizuri. Mafundi wake walikuwa hodari lakini vitabu vya mashine vilikuwa vinafungia madirisha yasipigwe na upepo.

Fundi Idi ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafundi. Mrefu, mkavu, kofia ya kufuma kichwani, na katika mfuko wa koti mwiko wa ugali. Siku ya kwanza nilidhani anakwenda nao nyumbani. Alinisimamisha mbele ya mashine ya zamani, ile aina ya pipa la shaba lenye rola mbili za kukamulia juu yake, akaiwasha.

"Weka mukono," akasema. "Usifungue kwanza. Iko nakuambia nini?"

"Inatetemeka, Mzee."

"Kila mashini natetemeka. Upande gani?"

Sikujua. Akatoa mwiko, akaweka kichwa cha mwiko kwenye chuma cha mota na mpini kwenye sikio lake, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akanipa mimi. Nilisikia mngurumo, na ndani ya mngurumo, kitu kikikwaruza. "Bushi ya nyuma imekwisha," akasema. Tukafungua, na bushi ya nyuma, pete inayoshika mhimili wa mota, ilikuwa imekwisha. Nimetumia vipimo vingi tangu siku ile, vingine vya sindano na vingine vya taa, na bado mwiko wangu uko pale kwenye droo ya pili. Mnaruhusiwa kuucheka baada ya kuujaribu.

Miaka ile ya mwanzo tulifufua mashine za zamani zaidi kuliko tulivyotengeneza mpya. Wageni walioondoka waliziacha barazani, na kuku wakazitagia. Sisi tulizikusanya. Ukitaka kufufua pipa la shaba, usilipige msasa hata mara moja. Lisugue kwa majivu na limau mpaka ukijitazama ndani uone meno yako. Rola za mpira zikiwa zimegandana, usizibandue kwa kisu. Zimwagie maji ya vuguvugu, ukae kando, unywe chai. Haraka imezichana rola nyingi mikononi mwangu kuliko uzee wake. Na mashine ikishawaka, kaa uitazame. Hii nayo ni sehemu ya kazi, ingawa hakuna mteja anayeielewa. Niliweka moja uani kwangu, na kila Jumapili mke wangu alipotia kanzu na mashuka, nilivuta kigoda nikatazama nguo zikizunguka, zikizama na kuibuka, povu likipanda hadi ukingoni na kurudi. Majirani walikuja na vigoda vyao. Mke wangu alisema nimemletea sinema uani, na wanaume wanaolipa kwa kumaliza chai yake.

Sasa nije kwenye mashine ya Kiyovu.

Alikuja mshauri mmoja wa Kibelgiji, mtu wa mambo ya barabara, na mkewe, wakakaa mtaa wa Kiyovu, na ndani ya makasha yao mlikuwa na mashine ambayo hatujapata kuiona: mlango wa kioo mbele, na kitufe kikubwa chenye saa ndani yake. Ukikigeuza kitufe ukaenda zako, mashine huingiza maji yenyewe, huyapasha, hufua, husuuza, hukamua. Tulipokwenda kuifunga, Fundi Idi aliizunguka mara tatu bila kuigusa. Kisha akasema, "Hii itatunyima kazi ao itatupa kazi sana."

Kwa kufua vuguvugu ilienda kama saa ya ukutani. Shida ilikuwa ni programu ya kuchemsha, ya mashuka na taulo. Mwelewe jinsi ilivyotengenezwa: maji yanapopashwa, saa ya kitufe husimama. Husubiri termostati ihisi kwamba maji yamefika digrii tisini na tano, hapo huruhusiwa kuendelea. Pale Kiyovu ilisimama, ikasubiri, na haikuendelea. Maji yalichemka na kuchemka. Mvuke ulijaa chumba cha kufulia hadi rangi ya ukuta ikaanza kudondoka. Tulibadilisha termostati. Ikawa vilevile. Tukaagiza nyingine, ikaja baada ya miezi miwili, ikawa vilevile.

Basi Fundi Idi akatafuta njia yake. Aliweka mwiko kwenye kioo cha mlango, akasikiliza, akamwita Kalisti, boyi wa nyumba ile, mtu mzima wa makamo, mpole, Mkatoliki wa kila asubuhi kanisani.

"Unasikia? Maji iko naimba. Ikianza kuimba hivi, wewe sali rozari yako, moja, polepole. Ukimaliza, sukuma hii kitufe kidogo tu, mpaka isikike *ka*. Basi. Yenyewe itaendelea."

"Rozari yote, Muzee?"

"Yote. Usiruke."

Na ikawa hivyo. Mwislamu akamfundisha Mkatoliki kusali kwa ajili ya mashuka, na mashuka yakatoka meupe kwa zaidi ya mwaka mzima. Madamu, mke wa Mbelgiji, alisifu mashine yake kwa kila mgeni. Hakuna aliyemwambia kwamba inaendeshwa na Bikira Maria.

Kisha Kalisti akaenda kwao Kibungo kuzika. Aliyeshika nafasi yake hakuambiwa lolote. Aligeuza kitufe, akaenda kupiga pasi. Mashine ikachemsha mpaka maji yakaisha, rezistansi ikawa nyekundu kavu, mashuka ya kitani ya Madamu, ya arusi yake, yakaungua rangi ya kahawa, na moshi ukatoka mpaka barabarani. Hakuumia mtu.

Tuliitwa wote, Patroni wetu Mgiriki, Fundi Idi na mimi. Madamu alikuwa amelishika shuka moja mikononi. Mume wake alikuwa amekwisha kumhoji boyi mpya, naye boyi akasema alichosikia jikoni baada ya moshi kutoka: kwamba Kalisti huwa anasukuma kitufe kwa mkono, kafundishwa na fundi. Mbelgiji akaleta kitabu cha mashine, akanipa mimi nikisome kwa sauti na kumtafsiria Idi. Nikasoma. Kitabu kilisema ni marufuku kugeuza kitufe mashine ikiwa inafanya kazi, kwani kunaweza kuharibu saa. Hapo ningefunga mdomo. Nilikuwa nimeombwa kusoma, nimesoma.

Lakini wote walikuwa wananitazama, na Mbelgiji alikuwa amesema Kifaransa changu ni safi. Nikaongeza ya kwangu. Nikasema, kwa Kifaransa kile safi, kwamba nadhani Fundi Idi aliifunga termostati kinyume.

Hakuna aliyeniuliza hilo. Na ngoja niwaambie nyinyi mafundi mtakaosoma, mnijue vizuri: termostati ile ina waya mbili tu. Haina kinyume. Uifunge huku uifunge kule, ni ileile. Nilikuwa silijui jambo hilo, na kutokujua hakukunizuia kusema.

Fundi Idi aliniuliza kwa Kiswahili, "Umesema nini?"

"Nimesema ni mambo ya termostati, Mzee."

"Umetaja jina langu."

Nikafunga kitabu. Patroni akamwambia Idi pale pale, mbele ya Kalisti aliyekuwa amerudi siku ile na bado ana vumbi la safari, kwamba asije tena kazini. Idi akauchukua mwiko wake juu ya mashine, akauweka mfukoni, akaenda zake kwa miguu. Aliteremka kile kilima bila kugeuka.

Ningeishia hapo ningekuwa na dhambi moja. Nikaongeza ya pili. Kesho yake mafundi waliniuliza yaliyotokea, na mimi, ili nisionekane msaliti, nikayafanya kichekesho: rozari, moshi, termostati kinyume. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wiki ile ile mtu alipokosea kufunga waya, mwingine akasema, "Hii ni kazi ya Idi." Ikashika. Kazi mbovu yoyote, waya uliolegea, skrubu iliyosahaulika, ikawa kazi ya Idi. Ikatoka atelye ikaenda kwa mafundi wa redio, kwa mafundi wa baiskeli, mpaka mtaa wa Gisimenti nimewahi kumsikia mwenye baa akiulalamikia mlango wa choo kwamba ni kazi ya Idi. Walioitumia hawakujua kuwa Idi ni mtu.

Mbelgiji akaondoka baada ya miaka michache, akaja mwingine, naye akaondoka. Mashine ile ilipita mikono mingi, na zaidi ya miaka kumi baada ya siku ile niliikuta mnadani, imelala chali kati ya friji mbili, kioo cha mlango kimepasuka. Nikainunua kwa mapenzi. Kwa wakati ule ilikuwa kifaa cha zamani, haitengenezwi tena, na nilitaka kuirudisha kama ilivyotoka kwenye kasha. Nilifanya kazi Jumamosi zote za msimu mzima wa mvua. Nilibadilisha mipira, bushi, rezistansi, nikaikwangua kutu, nikaipaka rangi ya maziwa kwa brashi ya manyoya. Mwisho nikatia termostati mpya kabisa, bado ina karatasi yake, nikaifunga mwenyewe, kitabu kikiwa wazi mbele yangu.

Nikageuza kitufe kwenye kuchemsha. Maji yakaingia, yakapata moto, yakaanza kuimba. Saa ikasimama. Nikangoja. Kioo kikajaa ukungu, mvuke ukaanza kutoka kwenye mpira wa mlango, saa haikusogea. Niliikagua waya kwa waya. Hakukuwa na kosa. Nilianza kuelewa kabla sijajua ninachoelewa.

Jibu nilipewa na Sista Godeliva, muuguzi wa zahanati moja, aliyeniita kutengeneza chombo chake cha kuchemshia sindano. Nilimwona anaacha sindano zichemke muda mrefu sana, nikamwambia kwa utani kwamba zitaiva.

"Bwana Yusufu, hapa tuko juu sana," akasema. "Huko Ulaya, karibu na bahari, maji yanachemka kwa digrii mia. Hapa Kigali hayafiki. Nimepima mwenyewe. Tisini na nne, na kitu kidogo. Ukiongeza moto yanaisha tu, hayapandi."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nina kosa la zamani.

Termostati ile ilikuwa inasubiri tisini na tano. Kwenye kilima kile ingesubiri hadi kiama. Idi hakujua digrii, lakini sikio lake lilimwambia maji yamefika mwisho wake, na mkono wake ukafanya kilichotakiwa. Kitabu kiliandikwa na watu wa bondeni. Dawa, andikeni: nyuma ya termostati kuna skrubu ndogo iliyozibwa kwa rangi nyekundu. Kwangua rangi, izungushe robo kuelekea kushoto, mashine itaridhika na tisini. Ni kazi ya dakika tano. Nimezirekebisha hivyo mashine zote za aina ile zilizonijia.

Kumwendea Idi hakukuwa kazi ya dakika tano. Nilikaa miezi minane. Nilijua anapoishi, mtaa wa Gitega, kichochoro cha wauza mkaa, anatengeneza pasi za mkaa na majiko ya mafuta. Mara mbili nilifika mwanzo wa kichochoro nikanunua mkaa nisiouhitaji, nikarudi. Niliona haya, na haya ile ilikuwa inanila.

Siku niliyoingia nilikuwa na kipimajoto cha Sista ndani ya kitambaa. Idi alikuwa mlangoni, amezeeka, kofia ileile au nyingine kama ile. Aliitikia salamu yangu yote, mpaka mwisho wake. Niliomba sufuria ya maji na jiko. Mkewe, Mama Rehema, akaleta, akasimama. Maji yalipochemka, nikazamisha kipimajoto, nikamwonyesha mahali zebaki iliposimama, nikamweleza yote: mlima, digrii, termostati yenye waya mbili, na maneno niliyosema kwa Kifaransa siku ile, neno kwa neno.

Idi akakichukua kipimajoto, akakisogeza karibu na macho yake.

"Kwa hiyo mimi sikukosa."

"Hukukosa, Mzee."

"Sema tena. Mama Rehema asikie."

Nikasema tena. Mama Rehema akaketi chini, akajifunika uso kwa kanga. "Mana yanjye, Mungu wangu," akasema. "Na mimi kila siku nilimwambia, uliharibu kitu ya watu, ndiyo maana tuko hapa."

Nililia. Sikulia kwa heshima. Idi alingoja nimalize, akaepua sufuria, akamwambia mkewe atie majani ya chai kwa vile maji yako tayari.

"Mimi sikukasirika na kitabu," akaniambia. "Kitabu haikunijua. Wewe ulinijua. Na ile neno? Watu wanakuja hapa, wananiletea pasi, wanasema mbele yangu, 'Baba Rehema, angalia hii kazi ya Idi.' Ile neno utairudisha namna gani?"

Nilimwomba tu arudi atelye; wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nasimamia mafundi. Alifikiri mwezi mzima, akakubali kuja siku tatu kwa wiki, kwa sharti kwamba aitwe Baba Rehema kama anavyoitwa Gitega, na jina lingine lisitajwe. Alisema hataki kuonewa huruma. Nami, nikiri, nilishukuru moyoni, kwa kuwa sharti lake lilinipa pa kujificha. Akina Faustini walimjua hivyo: Baba Rehema, mzee wa mwiko.

Faustini atanisamehe kwa hili la mwisho. Ilikuwa asubuhi, tuko sita mezani, imeletwa mashine kutoka hoteli, waya zake zimesukwa kama nywele za mwanafunzi. Faustini akachungulia ndani, akapiga mluzi. "Baba Rehema, njoo uone. Hii sasa ndiyo kazi ya Idi kabisa."

Mzee alikuwa anasafisha pampu. Akaiweka chini. "Idi ni mimi," akasema. "Nipe turnevisi."

Faustini alicheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka, kwa kuwa walikuwa wameniangalia mimi, wakaona sicheki. Basi nikasimama, na mbele yake, mbele ya mafundi wote, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa, Kifaransa safi na yote. Sikumaliza vizuri. Mzee alikuwa ameingiza kichwa ndani ya mashine, anatenganisha waya. Faustini alibaki na turnevisi, bisibisi yake, mkononi. Siku ile nilikwenda nyumbani mapema.

Wiki iliyofuata nilifunga pampu ya mteja nikasahau klipu ya mpira. Miaka yote ile, na nikasahau klipu. Maji yakamwagika atelye nzima, yakaingia kwenye viatu. Faustini akaruka juu ya kreti, akapaza sauti, "Jamani! Hii ni kazi ya..." Akakwama. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, mdomo wazi. Kisha, taratibu, akasema, "Kazi ya Yusufu."

Halafu Fundi Idi akaanza kucheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu siku za Kiyovu. Alicheka mpaka akaushika ukuta, machozi yakimtoka, maji yakimpita miguuni. Nikachukua tambara, nikapiga magoti, nikaanza kukausha sakafu. Nasikia sasa neno hilo limefika mpaka kwa mafundi wa baiskeli. Mkilisikia, msilikataze.